Nyumba yenye Ubaridi Huuzika kwa Bei Njema

Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu makazi na matumizi ya umeme



Mnunuzi makini wa nyumba katika ukanda huu wa pwani haji asubuhi. Huja saa nane mchana, jua likiwa limekwisha kulichoma bati kwa muda wa kutosha, akaomba kuketi kidogo katika chumba cha nyuma. Hupangusa jasho, hutazama juu akaona bati tupu, kisha huanza kukata bei. Mwenye nyumba hudhani amedharauliwa. Kumbe mwenzake anapiga hesabu ya dari, ya feni, pengine ya kiyoyozi, na ya umeme atakaoulipia miaka yote atakayoishi humo. Gharama hizo zote humwangukia muuzaji.

Wengi wanaouza nyumba hawauzi kwa anasa. Kuna ada za shule, kuna maradhi, kuna mirathi inayosubiri kugawanywa. Kwa hiyo maandalizi yafaa yaanze mapema, nyumba ikiwa bado inakaliwa, ili mwenyewe naye aufaidi ubaridi kabla ya kumwachia mwingine.

Joto jingi la nyumba za bati huingilia juu. Dari, iwe ya mbao au ya jipsamu, hulizuia kwa kiasi kikubwa, mradi hewa ya moto iliyokwama kati ya dari na bati ipatiwe pa kutokea, yaani matundu yenye wavu yaliyoachwa pande mbili za paa zinazotazamana. Bila matundu hayo, nafasi ile hugeuka chungu kilichofunikwa. Bati kuukuu lililoshika kutu, likisuguliwa vizuri na kupakwa rangi nyeupe, huirudisha angani sehemu kubwa ya miale ya jua, na kazi hiyo haigharimu kama kuezeka upya. Ni ajabu kwamba mapaa meusi na ya kahawia iliyokolea yamependwa kiasi hiki katika mji wenye jua kali namna hii.

Waliojenga nyumba za mawe za Bagamoyo na Unguja walilielewa jambo hili bila kuwa na umeme: kuta nene, vyumba vya kimo kirefu, baraza yenye kivuli. Kwa kuwa Tanzania iko karibu na Ikweta, kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa zaidi na jua, asubuhi na alasiri. Nyumba iliyokwisha kujengwa haigeuzwi, lakini upande wa magharibi waweza kuongezewa kibaraza, au kupandwa mwarobaini kwa umbali usiohatarisha msingi. Madirisha nayo yaangaliwe. Dirisha la kioo la kusukuma hufunguka nusu tu, ilhali la bawaba hufunguka lote na kuupokea upepo wa kusi au wa kaskazi kwa msimu wake.

Katika umeme, hesabu ya taa haihitaji mtaalamu. Balbu 10 za kizamani za wati 60, zikiwashwa saa 5 kila usiku, hutumia uniti 90 kwa siku 30. Balbu 10 za LED za wati 9, ambazo mwanga wake unakaribiana na huo, hutumia uniti 13.5. Friji na feni za mezani huondoka na mwenyewe. Taa na nyaya hubaki, na mnunuzi huzikagua. Muuzaji aliyehifadhi risiti za LUKU za mwaka mzima ana ushahidi mkononi, naye aseme wazi kwamba ni za familia ya watu wangapi, kwa maana matumizi ya watu watatu si ya watu tisa.

Hata hivyo, si kila shilingi inayotiwa ndani ya nyumba hurudi wakati wa kuuza. Mfumo mkubwa wa umeme wa jua humfaa zaidi atakayeishi humo miaka mingi. Anayetarajia kuuza karibuni atangulize dari, matundu ya hewa, rangi ya bati na balbu.

Anayekusudia kuinua paa, kuongeza kibaraza au kupanua dirisha aanzie kwa Mtendaji wa Kata, ili aelekezwe kwa wataalamu wa mipango miji wa Halmashauri na kuelezwa kuhusu kibali cha ujenzi, kabla fundi hajanunua hata msumari. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Kibaraza kilichovuka mpaka wa kiwanja, au saini ya mke iliyosahauliwa, huweza kuukwamisha uhamisho wa hati siku ambayo mnunuzi amekwisha kufika na fedha zake.