Mbwa Asiyebweka



Wajukuu wetu wa Silver Spring wanataka mbwa, na ukoo umegawanyika. Mimi nawaombea basenji wa Kongo. Habweki, jambo la heri kwa wakaao fleti, na hujilamba kama paka. Msituni wawindaji humfunga njuga apate kusikika. Kweli, ni mkaidi, tena hutafuna viatu. Alionyeshwa Crufts, London, mwaka 1937, na Wamarekani humlipia fedha nyingi, ilhali jina lake ni ndugu wa neno “washenzi,” tusi tulilotukanwa sisi! Bibi yao asema mbwa halali ndani. Namheshimu, lakini Januari ya Maryland si ya Kongo. Atengewe kona ukumbini, na wazee wamchagulie jina.