Walimtafuta Wote Wawili
(Familia Takatifu, Mwaka C: Lk 2:41-52)



Wapendwa katika Kristo, Injili ya leo yatusimulia habari za mtoto wa miaka 12 aliyebaki Yerusalemu, wazazi wake wasijue. Walikwisha kwenda mwendo wa siku nzima ndipo wakarudi kumtafuta, wakamwona Hekaluni baada ya siku tatu. Hapo pana neno ambalo aghalabu twalipita. Maria, akimwuliza mwanawe kwa nini amewatenda hivyo, anamtaja Yosefu kuwa baba yake, tena anamtaja kwanza, kisha anajitaja mwenyewe. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba mtoto huyu hakutokana na damu ya Yosefu. Hata hivyo, katika saa ile ya uchungu hakumweka Yosefu kando. Wala Yosefu hakumwambia Maria, "Mtoto wako amepotea, kamtafute." Walimtafuta wote wawili.

Leo nasema hasa nanyi wanandoa mlioasili mtoto. Wengi wenu mlipita jangwani kabla hajafika: miaka ya kungoja, safari za hospitali, maneno ya mawifi na majirani. Alipokuja, ilidhaniwa kwamba majonzi yote yamekwisha. Lakini majonzi yasiyozungumzwa hujificha, kisha hutoka siku mtoto anapokosa adabu au kushindwa darasani. Hapo mmoja humwambia mwenzake, "Ndiye huyo mtoto wako uliyemleta." Neno hilo hukata mara mbili: humtoa mtoto nyumbani, na huwatenga mume na mke.

Basi, fanyeni nini? Kwanza, zungumzeni ninyi wawili juu ya uchungu wa kutokuzaa, bila lawama, na kuuweka mbele ya Mungu katika sala. Mtoto hakuletwa awe bandeji ya kidonda chenu. Yeye ahitaji nyumba, na nguzo za nyumba hiyo ni upendo wenu ninyi wawili.

Pili, mwambieni mtoto ukweli mapema, kwa maneno ya umri wake, mkiwa mmekubaliana. Asije akausikia shuleni kwa dhihaka. Na akiuliza habari za waliomzaa, msidhani amewakataa. Yesu alimtaja Baba yake wa mbinguni mbele ya Yosefu. Kisha akashuka nao Nazareti, akawatii.

Tatu, ndugu wakisema, "Huyu si damu yetu," kila mmoja awajibu watu wa upande wake. Mume asimwache mke peke yake mbele ya wakwe, wala mke asimwache mume. Wajibuni kwa upole, lakini msirudi nyuma.

Kanisa limekwisha kusema. Kanuni ya 110 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yafundisha kwamba watoto walioasiliwa kadiri ya sheria ya nchi huhesabiwa kuwa watoto wa hao waliowaasili. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaweka njia ya kuasili kwa amri ya mahakama. Msiogope njia hiyo ndefu, kwani yamlinda mtoto nanyi pia. Wahenga nao walinena: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Nanyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, msinong'one. Msimwulize mama mbele ya mtoto, "Mama yake hasa yuko wapi?" Mama yake ndiye huyo anayemfulia na kumfundisha ishara ya msalaba. Watembeleeni wazazi hao kama mwatembeleavyo wengine waliopata mtoto.

Ewe Mtakatifu Yosefu, Baba Mlishi wa Yesu, uwaombee wanandoa hawa, ili siku mtoto wao atakapopotea njia, wamtafute wote wawili.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.