Fedha Zimfikie Mwenyewe

Zakayo aliahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Pengine aliwajua wote kwa nyuso. Lakini korti ya Nyamira ikimwamuru mwizi alipe ng'ombe wa mama mjane wa hapa kwetu Manga, naye mama amekwisha kuhamia kwa binti yake Nairobi, fedha zitamfikiaje? Lazima mtu aseme anakokaa.

Hapo ndipo twasitasita, na si bure. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 yampa mama haki ya kudai fidia, na papo hapo haki ya siri yake. Kwa hiyo nambari yake ya simu tusiwape jamaa za mwizi, hata wakija na fedha na machozi. Wala tusiitangaze kanisani, kama tulivyozoea kutangaza kila kitu!

Tumwulize kwanza mwenyewe: "Mama, twaweza kumpa karani wa korti nambari yako?" Akikubali, tuipeleke kwa karani au kwa afisa wa probesheni, basi. Akikataa, tusimsukume, tumpe nambari ya kesi, ili siku akipata nguvu aende mwenyewe.