Jina, Sauti na Historia ya Mtoto: Utunzaji wa Taarifa Binafsi katika Vikundi vya Muziki vya Vijana

Mada kwa semina ya walimu wa muziki, viongozi wa kwaya na waratibu wa vikundi vya vijana, Momela, Arusha



Mada niliyopewa huonekana kuwa ya wanasheria na mafundi wa kompyuta, lakini ni yetu sote tuliomo humu. Kila anayefundisha vijana matarumbeta, ngoma, gitaa au kuimba ana daftari. Ndani yake kuna jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule anayosoma, namba ya simu ya mama au bibi yake, na mara nyingi sentensi mbili tatu kuhusu hali ya nyumbani. Simu zetu zimebeba zaidi ya hayo: picha, video za mazoezi, nakala za vyeti vya kuzaliwa zilizopigwa siku tulipokuwa tunaandaa safari. Ni vikundi vichache vinavyoweza kueleza kila kipengele kati ya hivyo kinafanya kazi gani.

Hoja yangu ni moja. Kikundi cha muziki kina haki ya kujua kuhusu mtoto yale tu yanayohitajika ili ajifunze muziki akiwa salama. Yanayobaki ni yake mwenyewe, hata kama kuyatangaza kungetuletea msaada.

Nianze na sheria, na sitakaa hapo muda mrefu. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa kujisajili kwenye Tume. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, ziwe sahihi, zilindwe, na zisikae kuliko muda unaohitajika. Taarifa za watoto imeziweka katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na zile za afya. Taasisi inayofichua taarifa za watu kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini hadi shilingi bilioni 5. Kuwa shirika la hisani hakutuondoi katika wajibu huu. Na kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, yaani karibu kila anayebeba ala katika vikundi vyetu.

Jirani zetu wameshaonja makali ya sheria ya namna hii. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Kosa lilikuwa picha tu, kama zile tunazorusha kila Jumamosi jioni baada ya mazoezi.

Sasa niingie penye uzito wenyewe, napo ni kwa wafadhili.

Vikundi vingi vya muziki vya vijana katika ukanda huu wa Meru, kuanzia Usa River hadi Ngarenanyuki, vinaishi kwa msaada. Tarumbeta ni ghali, gitaa ni ghali, nauli za mashindano ni ghali. Ili msaada uje, mtu anaandika barua. Barua ina picha ya mtoto, jina lake kamili, kijiji chake, kisha historia: baba amefariki kwa ugonjwa fulani, mama ameondoka, nyumbani hakuna chakula, muziki umemwokoa. Barua inakwenda Ujerumani, Austria au Marekani. Inasomwa kanisani, inawekwa kwenye jarida la mwaka, inapandishwa mtandaoni. Yote hufanywa kwa nia njema.

Mtoto yule naye anakua. Akifikisha miaka 22 anaomba kazi ya mapokezi katika hoteli ya kitalii, na mwajiri anaandika jina lake kwenye simu. Kinachotokea kwanza ni umaskini wa familia yake na ugonjwa uliomuua baba yake, vimeandikwa na mtu mwingine wakati yeye akiwa na miaka 11. Hakuulizwa alipokuwa mdogo, na sasa hana namna ya kuyafuta. Alikuja kwetu kujifunza tarumbeta, na tarumbeta haihitaji kujua baba yake alikufa kwa nini.

Najua jibu mtakalonipa: bila historia, wafadhili hawatoi. Hoja hiyo haisimami kama tunavyodhani. Wafadhili wetu wa Ulaya wanaishi chini ya kanuni kali za data za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Huko kwao, kabla ya kutangaza picha ya mwanafunzi, shule hutakiwa kwanza kuwa na ridhaa ya mzazi. Tukiwaambia kwamba mtoto wa Ngarenanyuki anastahili stara ile ile wanayompa mtoto wao, watatuelewa kuliko tunavyofikiri. Na asiyetuelewa, anayetaka lazima aone uso wa mtoto na kidonda chake ndipo afungue pochi, msaada wake unamgharimu mtoto kupita kiasi. Tuukatae.

Tuna mengine ya kuwapa. Tuwaeleze wangapi wameweza kusoma nota mwaka huu, ala ngapi zimetengenezwa, wangapi wamehudhuria muhula mzima. Tuwatumie muziki wenyewe. Mfadhili anayetaka uhakika kwamba watoto hao wapo kweli, mkaguzi wake aje aone rejista ofisini, aifunge, aiache hapo hapo. Taarifa za mwaka kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali nazo tuziandike kwa idadi. Ikumbukwe pia kwamba kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi kuna masharti yake kisheria, na barua pepe yenye orodha ya watoto na picha zao ni kupeleka taarifa nje ya nchi.

Arusha ina mfano mzuri wa jinsi historia inavyotakiwa kusimuliwa. X Plastaz, vijana wa hip hop wa mji huu, walitoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, na sauti zao zikafika Ulaya. Walizungumza kuhusu maisha ya mtaani na dhiki za vijana. Lakini walichagua wenyewe cha kusema, wakachagua majina ya jukwaani, na cha kunyamazia wakakinyamazia. Ndivyo msanii anavyokuwa msanii. Kijana wetu akifikisha miaka 18 na kutaka kusimulia alikotoka, tumpe kipaza sauti, asome kilichoandikwa kabla hakijatoka, na abaki na haki ya kusema sasa kiondoeni. Kabla ya hapo, hatuna mamlaka ya kusimulia kwa niaba yake.

Wengine husema: basi tufiche jina, tuandike "mtoto J." Mjini huenda ikasaidia. Huku kwetu haisaidii. Ukisema mpiga ngoma wa kike wa miaka 13 anayelelewa na bibi karibu na geti la Momela, kijiji kizima kimeshamjua, na kesho watoto wenzake watamtania shuleni. Ukipiga picha yenye sare ya shule na Mlima Meru nyuma yake, umetoa anwani. Katika jamii ndogo, kumficha mtu ni kuacha kabisa kusema lile jambo, au kuchanganya habari za wengi kwa namna ambayo hakuna mmoja anayeonekana.

Kuna pia kamera za wageni. Momela inazijua kamera kwa muda mrefu. Filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa kwa sehemu katika maeneo haya. Leo wapandaji wa Mlima Meru huanzia kwenye geti hili hili, na watalii hupita kuelekea maziwa. Vikundi vyetu hualikwa kuwapigia ngoma, na simu zinanyanyuka zote pamoja. Kamera iliyotoka kupiga twiga inageukia mtoto, kwa udadisi ule ule. Ninapendekeza kiongozi wa kikundi aseme maneno mawili kabla ya wimbo wa kwanza: picha za kikundi kizima zinaruhusiwa au haziruhusiwi, na hakuna kumpiga mtoto mmoja mmoja picha wala kumuuliza jina na anakoishi. Mwenyeji wa hoteli aelezwe hivyo tangu siku ya mwaliko. Mgeni mstaarabu hakasiriki.

Niseme kuhusu idhini, kwa sababu hapo tunajidanganya kwa urahisi. Fomu ya ukurasa mmoja inayomfanya mzazi akubali kwa sahihi moja mafunzo, safari, picha, video na matangazo, imemnyima nafasi ya kukataa. Mama anayeona kwamba akikataa picha mwanawe atakosa tarumbeta, atatia sahihi hata kama moyo hautaki. Kwa hiyo tutenganishe: sahihi ya mafunzo peke yake, ya picha peke yake, na mzazi aambiwe kwa mdomo kwamba akikataa ya pili mtoto atabaki na nafasi yake na ala yake. Aambiwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kimeru au Kimaasai, na aelezwe picha itakwenda wapi hasa; "mitandaoni" kwa bibi asiye na simu ya mguso ni neno tupu. Aonyeshwe. Mtoto mwenyewe naye aulizwe. Wa miaka 14 anayegeuza uso kila kamera ikija ameshajibu, hata kama baba yake ametia sahihi. Na idhini inaweza kuondolewa wakati wowote.

Habari za afya zina mahali pake. Mpuliza tarumbeta mwenye pumu, au anayesafiri nasi akiwa na kifafa, lazima mwalimu mmoja ajue, na ajue dawa iko wapi. Mmoja, si kamati nzima. Hali ya VVU haina uhusiano wowote na kupiga muziki; Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya vipimo, na hatuna sababu ya kuuliza. Mtoto akituambia mwenyewe, tumetunukiwa siri, na siri haiandikwi kwenye daftari la mahudhurio.

Watu wakisikia habari ya taarifa kuvuja hufikiria wadukuzi. Kwetu sisi uvujaji mkubwa uko steshenari. Tunataka kuchapa orodha ya safari yenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto 20. Tunamtumia kijana wa steshenari kwa WhatsApp au tunampa fleshi. Anafungua, anachapa, tunalipa, tunaondoka. Mafaili yamebaki kwenye kompyuta yake na kwenye simu yake, na kompyuta ile inatumiwa na kila anayeingia. Mwalimu asimame pale mpaka faili lifutwe, na kwenye simu pia. Au kikundi kijibane kinunue printa ndogo, maana ni sehemu ya vifaa vya kazi kama nyuzi za gitaa. Uvujaji wa pili ni kundi la WhatsApp la wazazi, ambamo mweka hazina anaandika majina ya wasiolipa mchango. Kila mzazi aandikiwe peke yake. Wa tatu ni simu ya mwalimu anayeacha kazi, anayeondoka na picha za miaka minne. Siku anayokabidhi funguo za stoo, akabidhi na picha, kisha azifute mbele ya mwenzake.

Daftari nalo linahitaji mwisho. Kijana akimaliza, tubaki na jina lake, miaka aliyokuwa nasi na ala aliyojifunza, ili akija kuomba barua ya utambulisho tuweze kumpa. Namba ya bibi yake, ripoti za shule na nakala za vyeti ziharibiwe. Karatasi zichomwe; nimeona za ofisi zimefungia maandazi barabarani, zikiwa na majina ya watu.

Ndugu zangu, kila kikundi kilichowakilishwa hapa nakiomba mambo haya kabla ya mazoezi ya Krismasi kuanza. Teueni mtu mmoja wa kusimamia taarifa, na jina lake lijulikane kwa wazazi. Fungueni kurasa zenu za mitandao, mwondoe kila picha ya mtoto iliyoambatana na jina kamili au na habari ya ugonjwa, uyatima au umaskini wake. Waandikieni wafadhili mliowatumia habari hizo, mwaombe nao waziondoe. Na ambao hamjajisajili kwenye Tume, anzeni sasa. Nitabaki hapa baada ya chakula cha mchana kuwasaidia wanaotaka kujaza maombi yao leo.