Gari Likigonga Ukingo wa Barabara

(Hotuba kwa madereva na makanika wa Migori na Homa Bay)



Nimeombwa niseme juu ya jambo linalotupata mara kwa mara. Motokaa imegonga mawe ya ukingo wa barabara, usukani umekaa upande, na tajiri anasema: "Peleka alaimenti, jioni nataka hesabu yangu."

Alaimenti ni kazi ya mwisho, si ya kwanza. Mashine ile hupima tu. Katika gari kama Probox, fundi hurefusha au kufupisha tairodi mpaka namba zikubaliane. Mkono wa chini ukiwa umepinda, utabaki umepinda vilevile. Pesa zimekwenda, gari lavuta upande, nalo lala tairi, na wewe una abiria wa kupeleka Homa Bay kupitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany.

Palepale ulipogonga, tazama tairi. Ukiona uvimbe ubavuni, nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halizibwi, hutolewa. Tazama pia rimu.

Kisha tafuta mahali tambarare, nyosha magurudumu, uchukue kamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kulia. Upande uliogonga ukiwa mfupi kwa upana wa kidole, gurudumu limesukumwa nyuma: mkono wa chini umepinda, au mahali unapofungwa pamepinda. Kamba haigharimu kitu, nayo yasema kweli kuliko maneno mengi ya gereji.

Sasa pandisha jeki, uweke na stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki si mwanachama wetu. Shika tairi juu na chini, utikise. Likicheza, shaka ni boljointi au beringi. Shika kushoto na kulia. Likicheza hapo tu, tazama tairodi endi. Zungusha gurudumu ukiwa umeweka kijiti karibu na rimu: likiyumba, rimu au habu imepinda. Lakini chuma kilichopinda hakichezi. Kwa hiyo linganisha tairodi, mkono na shokomzoba za upande huu na za upande wa pili. Tairodi ni nyembamba, na mara nyingi ndiyo inayopinda kwanza.

Makanika wenzangu, mkono uliopinda hubadilishwa. Haupashwi moto ukagongwa nyundo, hata tajiri akilia bei. Na bolti za bushi zikazeni mwisho, gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Mkizikaza likining'inia, mpira hujisokota na kupasuka mapema. Baada ya hayo ndipo alaimenti.

Nani alipe? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyi kazi. Kukwepa bodaboda isiyo na taa usiku si makusudi. Tena makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Najua wengi wetu hatuna mshahara wa mwezi, twapeleka hesabu ya siku. Mwenye kazi ya namna hiyo aje ofisini kabla ya kukubali deni lolote, ili mapatano yake yatazamwe.

Na akikwambia uendeshe hivyo hivyo? Sheria ya Trafiki yataka gari lisiwe hatari kwa wengine, na askari humshika kwanza aliye nyuma ya usukani, si aliye nyumbani. Basi andika siku, mahali, vipimo vya kamba pande zote mbili, na alilosema fundi. Piga picha kwa simu. Nakala moja mpe tajiri, moja kaa nayo.