Kabla ya Kutia Sahihi, Uliza Mkuu wa Utafiti Ni Nani

Hotuba kwa wakaazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Mtafiti anapobisha hodi Mtongwe, Mshomoroni au Chaani akiomba damu, swali la kwanza la wenyeji ni moja: damu hii inaenda wapi? Hapa Pwani hofu ya mumiani ni ya zamani, wala si jambo la kuchekwa. Mwenye wajibu wa kulijibu swali hilo ni mtu ambaye wengi hawamwoni: mwanasayansi mkuu anayeongoza utafiti.

Mfano uko kwa jirani zetu. Mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) ilianzisha kituo mjini Kilifi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford na Wellcome Trust. Profesa Kevin Marsh alikiongoza hadi 2014, akampokeza Profesa Philip Bejon.

Kazi ya mkuu kama huyo si kuchungulia hadubini tu. Husimamia uchaguzi wa maswali ya kutafitiwa, hutafuta fedha, hulea wanasayansi chipukizi na huwajibika kwa usalama wa washiriki. Tena husikiliza. Kituo cha Kilifi kina wawakilishi waliochaguliwa na wanajamii wenyewe ili kufikisha maswali na manung'uniko yao kwa watafiti. Ni Kilifi hiyo ambako wazazi walikubali watoto wao washiriki majaribio ya chanjo za malaria. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi ya RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, ulizeni mambo manne:

1. Mkuu wa utafiti ni nani, na anapatikana kwa simu gani?
2. Je, utafiti umepitishwa na kamati ya maadili na kupata leseni ya NACOSTI?
3. Damu itahifadhiwa wapi, na kwa muda gani?
4. Matokeo yataletwa mtaani lini, na nani atayaeleza?

Kushiriki ni hiari. Anayekataa hapaswi kunyimwa matibabu, na aliyekubali ana haki ya kujiondoa wakati wowote. Mkuu anayeijua kazi yake hakasirishwi na maswali haya. Anayeyakwepa, msimpe damu.

Kuuliza si ujinga.