Kuchagua Programu ya Kusafishia Picha za Miradi: Tuliyojifunza Gungu

(Maelezo yafuatayo yalitolewa kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wetu katika semina ya siku moja iliyofanyika Gungu, Kigoma.)



Tumeombwa tueleze jambo ambalo wengi mtaliona dogo: ni programu gani ya kompyuta inayofaa kusafishia picha za miradi. Huenda baadhi yenu mnasema moyoni kwamba hiyo ni kazi ya vijana wa ofisini. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka picha moja ilipotuaibisha mbele ya mtu tuliyekwenda kumhudumia.

Picha hiyo tuliipiga Kibirizi, kwenye mwalo, kwa kikundi cha kina mama wanaokausha dagaa. Kabla ya mradi walikuwa wakianika dagaa chini, juu ya mchanga, na mvua ikinyesha mzigo wote unaharibika. Sasa wana vichanja. Tulifika saa sita mchana. Jua lilikuwa kali, ziwa linang'aa nyuma, dagaa wanametameta, na mwenyekiti wa kikundi, bibi aliyevuka miaka sitini, akasimama kando ya kichanja chake akiwa amevaa kitenge kipya. Ripoti ilipochapwa, vichanja vilionekana vizuri sana. Uso wa bibi haukuonekana. Ulikuwa doa jeusi. Tulipompelekea nakala aliigeuza huku na huku, kisha akauliza kama huyo ni yeye au ni kivuli chake.

Tulirudi ofisini tukabonyeza kitufe kinachorekebisha picha chenyewe. Uso ukatokea, lakini ulikuwa na weupe wa kijivu usio wake. Wenzake walipoiona walicheka, wakasema bibi amejipaka mkorogo. Yeye hakucheka. Hapo ndipo tulipotambua kwamba mtu huyu tumemkosea mara mbili: kwanza tumemfuta, kisha tumemgeuza mtu mwingine.

PICHA GHAFI NI NINI?

Wenye umri wetu mnakumbuka siku za filamu. Ulipiga picha, ukapeleka filamu studio ikasafishwe, ukarudishiwa picha pamoja na negativu. Picha ikitoka mbaya, fundi aliweza kurudi kwenye negativu na kuchapa upya. Kamera za dijitali nazo zina negativu yake. Kwenye menyu ya kamera huandikwa RAW. Sisi tunaiita picha ghafi.

Kwa kawaida kamera hujisafishia picha yenyewe na kukupa picha ya JPEG. Ni nyepesi na hufunguka kwenye simu yoyote. Lakini kamera imekwisha kuamua mwanga na rangi, na mengi iliyoyaona imeyatupa. JPEG hutunza ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Picha ghafi hutunza ngazi 4,096 au 16,384, kulingana na kamera. Ndiyo maana uso uliozama gizani unaweza kuokolewa bila dagaa kugeuka karatasi nyeupe.

Kina mama wa Kibirizi walilielewa jambo hili haraka kuliko sisi. Dagaa wabichi unaweza kuwakausha, kuwakaanga au kuwapika mchuzi. Waliokwisha kukaangwa hawarudi kuwa wabichi. JPEG ni dagaa waliokaangwa.

Lakini picha ghafi haitazamwi ovyo wala haichapwi mpaka isafishwe, na hapo ndipo programu inapohitajika.

PROGRAMU TULIZOZIPIMA

Kundi la kwanza ni programu za watengenezaji wa kamera. Canon wana Digital Photo Professional, na Nikon wametoa NX Studio tangu mwaka 2021. Hazilipiwi, na rangi zake huwa sawa na zile ulizoziona kwenye kioo cha kamera. Kasoro yake ni kwamba kila moja inahudumia picha ghafi za kamera za nyumbani kwake tu. Usharika ukipewa kamera ya kampuni nyingine, unaanza upya.

Kundi la pili ni programu za kulipia. Inayojulikana zaidi ni Lightroom ya kampuni ya Adobe, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007. Tuseme kweli, ni programu nzuri. Inaweza kutambua watu ndani ya picha na kukuwezesha kurekebisha nyuso peke yake. Lakini toleo la mwisho lililouzwa kwa malipo ya mara moja lilikuwa Lightroom 6 la mwaka 2015. Siku hizi hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na lazima kompyuta iingie kwenye intaneti mara kwa mara kuthibitisha malipo. Malipo yakikoma, picha zako hazipotei, na kwenye Lightroom ya kompyuta unaweza kuzitazama na kuzitoa nakala. Sehemu ya kusafishia ndiyo inayofungwa.

Kundi la tatu ni programu huria, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuzigawa bila kulipa. Tulizijaribu mbili. Ya kwanza ni darktable, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Ya pili ni RawTherapee, iliyofanywa huria mwaka 2010. Zote mbili husoma picha ghafi za kampuni nyingi, na zote hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ugumu wake ni kujifunza. Vitufe ni vingi, na wiki ya kwanza kijana wetu nusura akate tamaa. Pia zinahitaji kompyuta yenye nguvu. Kompyuta yetu ya zamani yenye kumbukumbu ya GB 4 ilikwama kila mara. Yenye GB 8 inakwenda, ingawa taratibu.

Iko njia ya nne ambayo hatutaki kuificha, kwa sababu tuliwahi kuipita: programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Tuliwekewa kwa bei ya soda, tukafurahi. Baada ya miezi michache kompyuta ikashikwa na virusi na masahihisho ya picha za mwaka mzima yakapotea. Tulibaki na picha ghafi kwa sababu tu zilikuwa kwenye diski nyingine. Na hata kama virusi visingekuja, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Hatuwezi kuwataka ninyi stakabadhi ya kila msumari huku ofisini tunatumia mali ya wizi.

MASWALI YALIYOTUSAIDIA KUAMUA

Mwanzoni tuliuliza programu ipi inafanya picha ipendeze kuliko zote. Lilikuwa swali baya. Tulipoketi tena tulijiuliza haya:

1. Mradi ukifika mwisho na fedha zikakatika, je, atakayekuja baada yetu ataweza kuendelea na kazi?
2. Je, itafanya kazi siku ambayo intaneti haipo?
3. Je, picha ya asili inabaki bila kuguswa?
4. Je, tunaweza kuirudisha rangi ya mtu ilivyo, kwa mkono, bila mashine kutuamulia?

Swali la tatu karibu zote zinalipita, kwa sababu programu hizi haziandiki juu ya picha ghafi. Masahihisho huwekwa kando. Darktable na RawTherapee huyaandika katika faili dogo linalokaa pembeni ya picha yenyewe, hivyo ukinakili folda vyote vinakwenda pamoja. Swali la kwanza na la pili ndiyo yaliyoamua. Miradi yetu mingi ni ya miaka michache, lakini vichanja vya Kibirizi tunataka kuvifuatilia kwa muda mrefu. Hatukuona busara kuwaachia warithi wetu ada ambayo haimo katika bajeti ya mtu yeyote. Tulichagua darktable.

Hatusemi kila ofisi ifanye hivyo. Mwenye kipato cha uhakika na kazi nyingi ya picha anaweza kulipia na asijute. Na kwa picha za stakabadhi, mahudhurio ya vikao au mifuko ya saruji, simu zenu na JPEG zinatosha kabisa. Picha ghafi ni kwa ajili ya nyuso za watu na kwa picha tunazotaka kuzilinganisha miaka ijayo.

PICHA NA UKWELI

Hata hivyo, programu njema haimfanyi mtu kuwa mkweli. Tumewahi kuombwa na rafiki mmoja wa mbali tumpatie picha "yenye huzuni zaidi". Kwa programu hizi ni kazi ya dakika mbili: punguza rangi, ongeza giza, kitenge kipya kinakuwa tambara. Tulikataa, na tunashukuru kwamba alitusikiliza.

Mfano mwingine. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Tulipiga picha za vichanja wakati huo, na vilikuwa vitupu. Baadaye picha moja ilitembea bila maelezo, na mjumbe mmoja akauliza kama mradi umekufa. Tulifungua picha ghafi, na tarehe iliyoandikwa na kamera ilikuwa ya Juni 2024. Swali likaisha. Tangu siku hiyo tunahakikisha saa ya kamera iko sawa kabla ya kila safari.

Kwa hiyo tumejiwekea taratibu hizi. Tunaruhusu kurekebisha mwanga, kunyoosha picha iliyopinda, na kukata pembeni iwapo maana haibadiliki. Hatuongezi wala kuondoa mtu au kitu. Hatumwongezei mtu weupe wala umaskini. Picha ghafi hazifutwi, na zinatunzwa katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Picha moja ghafi ya kamera yetu hula kama MB 28, hivyo diski ya TB 1 inabeba zaidi ya picha 30,000.

Tunaomba ridhaa kabla ya kupiga, na kwa mtoto tunamwomba mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatubana, na picha ya uso inayomtambulisha mtu ni taarifa zake. Tunaondoa pia alama ya mahali iliyojificha ndani ya faili kabla ya kutuma picha ya mtoto.

Mwisho, kabla ya kuchapa tunamwonyesha mwenye picha. Bibi wa Kibirizi tulimpelekea kompyuta mpakato hadi kwenye kichanja chake. Tulifungua picha ghafi ileile ya saa sita mchana. Kijana wetu akapandisha mwanga wa uso kidogo kidogo, bibi akitazama kioo kisha mkono wake mwenyewe. Akasema bado. Ukapanda tena. Akasema umezidi, rudisha. Tulirudisha, naye akaridhika. Kitenge kilikuwa na rangi zake, na dagaa nyuma yake walihesabika. Picha hiyo ndiyo iliyoingia katika ripoti iliyofuata.

MAOMBI YETU

Kwenu kamati za sharika: chagueni mtu mmoja au wawili kila usharika waje wajifunze, tutawapa programu hiyo katika diski ndogo, bila malipo na bila kuvunja sheria. Kwenu marafiki mnaochangia: msitulipie ada ya programu. Mkitaka kusaidia, diski ya kutunzia picha itatufaa zaidi. Na mkiona katika ripoti zetu uso uliofichwa na giza, au uliong'arishwa kupita kiasi, tuulizeni. Ni haki yenu, na ni haki ya mwenye uso.